Chumvi ya kupima yaweza kuwa ghali kuliko ya pakiti

MTU akishuka kwenye daladala Kwa Mathias, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, hahitaji kwenda mbali kupata mahitaji ya chakula cha jioni. Muhogo, kisamvu, dagaa na chumvi ni vyakula vya kila siku kwa wakazi wa Kibaha na Kisarawe. Ni vitu vya bei nafuu na hakuna anayeviogopa. Hata hivyo, namna vinavyozalishwa, vinavyouzwa na vinavyopikwa ina uhusiano wa karibu na afya ya tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, inayoitwa thairoidi.

Tezi hiyo yenye umbo la kipepeo hutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji wa mtoto, joto la mwili na kasi ya moyo. Malighafi yake kuu ni madini joto, yaani ayodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu kwa miaka 70, hayafiki kijiko kimoja cha chai. Lakini mwili hauwezi kuyaweka akiba ya muda mrefu, hivyo ni lazima yaingie na chakula karibu kila siku.

Yakikosekana, ubongo hutuma homoni ya kuihimiza tezi ifanye kazi zaidi. Tezi huvimba, na hilo ndilo rovu, ambalo wengi huliita goita. Kwa miaka mingi rovu lilihusishwa na urithi au kurogwa, wakati chanzo chake kikubwa kilikuwa ni udongo na maji yasiyo na madini joto.

Rovu na saratani

Rovu si saratani, na watu wengi wenye rovu hawapati saratani. Lakini tezi inayosukumwa kufanya kazi kupita kiasi kwa miaka mingi huzalisha chembechembe mpya mfululizo, na kila chembe inapogawanyika kunakuwa na nafasi ya kosa. Katika maeneo yenye upungufu wa madini joto, saratani ya tezi aina ya folikula imekuwa ikichukua sehemu kubwa zaidi ya wagonjwa. Aina hiyo huweza kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mapafu na mifupa. Pale ambapo watu wanapata madini joto ya kutosha, aina inayoongoza ni papila, ambayo kwa kawaida hutibika vizuri ikiwahiwa.

Kwa maneno mengine, madini joto hayafuti saratani ya tezi, bali yanapunguza rovu na kuchangia kubadili sura ya ugonjwa wenyewe. Aidha, kuzidisha si dawa. Madini joto mengi mno nayo huvuruga tezi, hivyo kumeza vidonge vyake bila ushauri wa daktari ni kosa.

Tanzania ilivyopiga hatua

Katika miaka ya 1980, rovu lilikuwa tatizo kubwa katika mikoa mingi ya nyanda za juu. Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 ikaanza kutekeleza sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi. Matokeo yalionekana. Katika wilaya hizo, kiwango cha rovu kwa watoto wa shule kilishuka kutoka asilimia 61 miaka ya 1980 hadi takriban 12 mwaka 1999. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta asilimia 7 tu ya watoto wa shule wakiwa na rovu.

Wakazi wa Pwani wanaweza kudhani kuwa habari hizo ni za watu wa milimani, kwa kuwa wao wanakula samaki wa bahari. Pemba inatoa fundisho. Utafiti uliofanyika Zanzibar mwaka 2001 ulikuta karibu theluthi ya watoto wa shule waliopimwa Pemba wana rovu, ingawa kisiwa hicho kimezungukwa na bahari. Unguja, zaidi ya asilimia 60 ya kaya zilikuwa na chumvi yenye madini joto, lakini Pemba ilikuwa asilimia 1 tu. Maji ya bahari yanapokauka kwenye mashamba ya chumvi, madini joto yanayobaki ni kidogo sana. Chumvi ya pwani nayo ni lazima iongezewe.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapoingia. Chumvi ya kupima kwa kopo, iliyotoka moja kwa moja shambani bila kuongezwa kitu, huwa na bei ya chini na humvutia mnunuzi. Lakini hesabu ni rahisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Familia ya watu sita ikifuata kiwango hicho haimalizi kilo moja kwa mwezi. Tofauti ya bei kati ya chumvi ya kupima na ya pakiti kwa kilo hiyo moja ni ndogo mno ikilinganishwa na nauli, siku za kazi zilizopotea na gharama za upasuaji wa shingo.

Muhogo mchungu

Mkulima naye ana sehemu yake. Muhogo una kemikali zinazotoa sayanidi, hasa muhogo mchungu, na kiwango huongezeka wakati wa ukame. Mwili ukipata sayanidi kidogo huigeuza kuwa thayosaneti, ambayo hushindana na madini joto kuingia kwenye tezi. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, nchini Kongo, watafiti waliofanya kazi huko tangu miaka ya 1960 walikuta rovu likiwa zaidi upande mmoja wa kisiwa, ingawa madini joto yalikuwa haba pande zote. Muhogo ulionekana kuwa moja ya sababu za tofauti hiyo.

Hakuna sababu ya kuacha kula muhogo. Madhara kwa tezi huja pale muhogo usioandaliwa vizuri unapokutana na upungufu wa madini joto. Muhogo mtamu ukimenywa na kuchemshwa vizuri hauna tatizo. Kwa muhogo mchungu, kuanika vipande vikubwa juani hakutoshi. Kinachosaidia ni kuloweka kwa siku tatu hivi kabla ya kuanika, au kukwangua na kukamua, kwa sababu muhogo ukisagika sayanidi hutoka kwa wingi. Unga uliokwisha kusagwa nao unaweza kulowanishwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita 1 na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha ukapikwa siku hiyo hiyo. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sawasawa. Mkulima anayeuza makopa au unga ulioandaliwa hivyo anauza bidhaa salama zaidi.

Kabichi na mboga za jamii yake nazo zimetiliwa shaka. Utafiti wa New Caledonia, katika Bahari ya Pasifiki, ulihusisha ulaji mwingi wa mboga hizo na saratani ya tezi kwa wanawake waliokuwa wakipata madini joto kidogo. Kwa anayetumia chumvi sahihi, mboga zilizopikwa kwa kiasi cha kawaida si tishio.

Maji, maziwa na pombe

Kisababishi cha saratani ya tezi chenye ushahidi mkubwa zaidi ni mionzi utotoni. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl mwaka 1986, maelfu ya waliokuwa watoto walipata saratani hiyo, wengi kwa kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye ayodini ya mionzi. Waliokuwa na upungufu wa madini joto waliathirika zaidi, kwa kuwa tezi zao ziliidaka mionzi hiyo kwa pupa.

Nitreti itokanayo na mbolea za chumvichumvi na vyoo pia hushindana na madini joto. Utafiti wa jimbo la Iowa, Marekani, uliotolewa mwaka 2010 ulihusisha maji yenye nitreti nyingi na saratani ya tezi kwa wanawake wazee. Matokeo ya tafiti nyingine hayalingani, lakini kisima kuchimbwa mbali na choo na shamba lenye mbolea ni faida kwa kila hali. Kuhusu pombe, tafiti nyingi hazijaonyesha kuwa inaongeza saratani hii. Hata hivyo, inaongeza saratani za koo la chakula, ini na matiti. Unene uliopitiliza nao umehusishwa na ongezeko la saratani ya tezi.

Kuwahi hospitali

Wanawake hupata saratani hii takriban mara tatu zaidi ya wanaume. Si lazima kila mtu akimbilie kupimwa. Korea Kusini ilipopima watu wasio na dalili, wagonjwa waliogunduliwa mwaka 2011 walikuwa mara 15 ya wale wa mwaka 1993, lakini vifo havikupungua. Wengi walikatwa tezi kwa uvimbe ambao huenda usingewadhuru kamwe.

Anayepaswa kwenda hospitali bila kusubiri ni mwenye uvimbe mgumu shingoni unaokua, sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, au shida ya kumeza na kupumua. Kwa mkazi wa Kwa Mathias, Hospitali ya Tumbi iko karibu. Kuchanja shingo kwa wembe au kufunga dawa za majani hupoteza miezi ambayo mgonjwa angeitumia kutibiwa.

Nyumbani, chumvi ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moshi na unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva ili madini joto yasipotee. Dukani, mifuko isiachwe wazi juani. Mteja asome pakiti kabla ya kulipa, na muuzaji asiogope kumweleza mteja kwa nini ile ya bei ya juu kidogo ndiyo rahisi.