Pikseli Ngapi Zimemwangukia Ndege?

Januari 2016 kampuni ya Nikon ilitangaza kamera mbili kwa mpigo. Ya kwanza, D5, iliuzwa Marekani kwa takriban dola 6,500; ya pili, D500, kwa dola 2,000. Zote mbili hutoa picha yenye pikseli 5,568 kwa mlalo na 3,712 kwa wima, karibu megapikseli 21, bila kuzidiana hata pikseli moja. Zinapotofautiana ni kwenye kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga mahali ilipokaa filamu zamani. Kihisi cha D5 kina takriban milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35. Cha D500 kina milimita 23.5 kwa 15.7, eneo lisilofika nusu ya lile. Pikseli ni zile zile, ila kwenye D500 zimebanana: kila moja ina upana wa maikromita 4.2, wakati za D5 zina maikromita 6.4.

Tofauti ya bei inaeleweka kwa anayepiga picha za harusi ukumbini au za mpira usiku. Kwa mpiga picha wa ndege hesabu inageuka, kwa sababu picha yake ni nadra kutoka bila kukatwa. Ndege hasogeleki. Hukaa katikati ya fremu kama doa, na nusu ya kazi hufanyika baadaye kwenye kompyuta, kingo zikatupwa na doa likakuzwa mpaka manyoya yaonekane, au mpaka ijulikane kuwa hayataonekana. Jumla ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi haimsaidii sana mtu huyu. Anachohitaji kujua ni ngapi kati ya hizo zimemwangukia ndege.

Mdiria mdogo wa Ziwa Naivasha, yule mwenye mgongo wa buluu na mdomo mwekundu anayetua kwenye mafunjo, ana urefu wa sentimita 13 hivi. Mtu aliye kwenye mashua mita 15 kutoka kwake, akiwa na lenzi ya milimita 500, atampata ndege huyo amechorwa juu ya kihisi kwa urefu wa takriban milimita 4.5, kama punje ndogo ya mchele. Huo ndio urefu wake, kamera iwe ya dola 2,000 au 6,500, kwani lenzi haijui kihisi gani kimewekwa nyuma yake. Kwenye D5 milimita hizo 4.5 zinafunikwa na pikseli 700 hivi kutoka mdomo hadi mkia. Kwenye D500 zinafunikwa na pikseli 1,060. Zikihesabiwa kwa eneo, kamera ya bei nafuu imempa mdiria pikseli zaidi ya mara mbili. Gazetini, ambako picha huhitaji pikseli kama 200 kwa kila inchi, mdiria wa D5 atachapwa vizuri kwa upana wa karibu sentimita 9, na wa D500 kwa zaidi ya sentimita 13, yaani ukubwa wake halisi. Ni vigumu kutomwonea raha mwenye D500 hapo.

Madukani jambo hili huelezwa kwa njia ya mkato: kihisi kidogo, huambiwa mnunuzi, hugeuza lenzi ya milimita 500 kuwa ya 750. Hakigeuzi. Kinachopungua ni eneo linaloingia kwenye fremu, na kupunguza eneo ni kukata tu, kazi ambayo mkasi wa kompyuta unaweza kuifanya jioni bila gharama. Faida iko kwenye msongamano wa pikseli. Mvuvi anayetafuta dagaa hutazama kwanza matundu ya wavu kabla ya kuuliza wavu wenyewe una mapana gani.

Kwamba msongamano ndio wenye neno, na kwamba udogo wa kihisi hauna uchawi, kulionekana wazi mwaka 2017 ilipotoka D850. Kihisi chake ni kikubwa kama cha D5, lakini kina megapikseli 45.7, na kila pikseli ina upana wa maikromita 4.35. Mdiria yule yule anapata pikseli 1,030, karibu sawa na kwenye D500. Picha ya D850 ikikatwa hadi eneo la kihisi kidogo hubaki na megapikseli 19 na ushei. Ndani ya kamera kubwa, kwa maneno mengine, imo D500 karibu nzima, na pembeni inabaki nafasi ya ziada ambayo mpiga picha huishukuru ndege anaporuka ghafla na kutanua mbawa. Canon R7 ya mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi: kihisi kidogo, megapikseli 32.5, maikromita 3.2. Kwa hesabu ile ile mdiria anafikia pikseli 1,400.

Kama ni msongamano tu, simu ingeshinda zote. Samsung Galaxy S23 Ultra ina megapikseli 200, na kila pikseli ina upana wa maikromita 0.6. Lakini lenzi yake kuu ina urefu wa fokasi wa milimita 6 na kidogo, hivyo mdiria wa mita 15 anachorwa mdogo mno na kupata pikseli zisizofika 100. Akichapwa gazetini atakuwa na sentimita moja. Pikseli ndogo hugawa kile tu ambacho lenzi imekichora, na lenzi ya simu huchora kidogo.

Halafu kuna mwanga, na hapa ndipo wapiga picha wengi hukosana. Imezoeleka kusema kihisi kikubwa hakina chengachenga. Kwa picha iliyojaza fremu usemi huo ni kweli, kwa kuwa kihisi kikubwa kimekusanya mwanga zaidi ya mara mbili. Kwa ndege aliyekatwa kutoka katikati, sababu hiyo inatoweka. Lenzi ni moja, tundu lake limefunguliwa sawa, muda wa shata ni uleule. Mwanga uliomwangukia mdiria kwenye D5 ni sawa na uliomwangukia kwenye D500. Pikseli ndogo zimegawana mwanga huo mafungu mengi, na ukizitazama moja moja kwenye skrini zinaonekana chafu. Zikichapwa kwa ukubwa mmoja, tofauti inayobaki ni ndogo, na hutokana zaidi na ubora wa saketi za kihisi. Aliyelipa dola 6,500 hupata haki yake pale tu anapoweza kumsogelea ndege, au kununua lenzi ndefu zaidi akaijaza fremu.

Msongamano nao una ukomo wake. Mwanga ukipita kwenye tundu la lenzi hautui kama nukta. Hutawanyika na kuwa kiduara. Kwenye tundu la f/5.6 kiduara cha mwanga wa kijani kina upana wa maikromita 7.5 hivi, na kwenye f/8 karibu 11. Kiduara cha maikromita 11 kinagusa pikseli mbili hivi za D5 kwa upana, na zaidi ya tatu za R7, kwa hiyo pikseli za ziada zinaanza kupima ukungu ule ule kwa uangalifu zaidi. Faida bado ipo, ila si kubwa kama tarakimu zinavyoahidi. Mdomo mwekundu una balaa lake la ziada. Katika mpangilio wa vichujio vya rangi aliobuni Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976, kila kundi la pikseli nne lina mbili za kijani, moja ya buluu na moja tu ya nyekundu. Rangi nyingine zinazokosekana katika kila pikseli hukisiwa kwa kutazama majirani.

Mtikisiko wa mashua hauhurumii pia: mtelezo wa maikromita 6 hauzidi pikseli moja ya D5 lakini unavuka karibu mbili za R7. Saa za mchana, hewa ya moto juu ya nchi kavu inapochezacheza kama mazigazi, hakuna kihisi kinachookoa manyoya ya ndege wa mbali. Suluhisho ni kurudi alfajiri.

Linalosumbua zaidi sasa ni programu za kunoa picha kwa akili mnemba. Hizo huchukua mdiria wa pikseli 700 na kumrudisha akiwa na nyuzi za manyoya ambazo hakuna pikseli iliyozipima. Zimekisiwa kutoka kwa picha za ndege wengine. Gazetini hakuna msomaji atakayelalamika. Kwa anayetaka kutenganisha ndege wa jamii mbili zinazotofautiana kwa michirizi michache ya kifuani, unyoya uliobuniwa unaweza kubadili jina la ndege, na faili iliyokwisha kunolewa haionyeshi ni michirizi ipi ilitoka kwenye kihisi.