The Constant Gardener (DVD)

The Constant Gardener ni filamu ya kusisimua ya kisiasa iliyotoka mwaka 2005. Iliongozwa na Fernando Meirelles kutoka Brazil. Mswada wake uliandikwa na Jeffrey Caine kutokana na riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001. Nchini Marekani, DVD yake ilitoka tarehe 10 Januari 2006.

Hadithi

Justin Quayle (Ralph Fiennes) ni mwanadiplomasia wa Uingereza jijini Nairobi. Mke wake, Tessa (Rachel Weisz), anauawa karibu na Ziwa Turkana. Justin anagundua kwamba Tessa alikuwa akichunguza kampuni zinazowajaribia Wakenya maskini dawa ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa. Mgonjwa anayekataa kujaribiwa hunyimwa matibabu mengine, na wanaokufa hufutwa katika kumbukumbu. Dawa hiyo na kampuni zake ni za kubuni, lakini swali la filamu ni la kweli: mgonjwa asiye na njia nyingine ya kupata tiba anaweza kusemekana amekubali kwa hiari?

Upigaji picha nchini Kenya

Sehemu kubwa ilipigwa Kenya, hasa katika mtaa wa Kibera, Nairobi, na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Hali ya maisha waliyoikuta huko iliwafanya watengenezaji waanzishe mfuko wa hisani uitwao Constant Gardener Trust, ili kusaidia elimu ya wakazi wa maeneo hayo.

Yaliyomo kwenye DVD

Pamoja na filamu yenyewe, DVD ina vipande vilivyokatwa na filamu fupi kuhusu safari ya hadithi kutoka kitabuni hadi kwenye skrini. Nyingine inaeleza kazi ya kupiga picha nchini Kenya. Kuna pia toleo refu zaidi la onyesho la mchezo wa kuigiza Kibera, ambalo kwenye filamu linaonekana kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo mtazamaji wa nyumbani anaiona Kibera zaidi kuliko aliyekwenda sinema.

Tuzo

Tarehe 5 Machi 2006, chini ya miezi miwili baada ya DVD kutoka, Weisz alipata Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Filamu ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo nne.