Taha Hussein na Kicheko Kisichosahaulika

Kitabu hiki nilikiazima kwa rafiki yangu mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, kikiwa kimekwisha kutoka jalada. Nilikichukua kwa sababu ni chembamba, nikadhani nitakimaliza baina ya Alasiri na Magharibi. Nilikimaliza, lakini usiku ule sikulala vizuri, na sababu yake ndiyo niliyoikusudia kuisimulia hapa leo.

Kitabu chenyewe ni "Al-Ayyam", yaani "Siku", cha Taha Hussein wa Misri. Kilianza kutoka kidogo kidogo katika gazeti la "Al-Hilal" mwaka 1926, kisha kikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1929. Kwa kuwa Kiarabu changu ni cha chuoni tu, mimi nilisoma tafsiri ya Kiingereza ya E. H. Paxton, iliyotoka mwaka 1932.

Wengi wetu tumelisikia jina la Taha Hussein. Alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Maghagha, Misri ya Juu, katika nyumba ya watoto 13. Alikuwa kipofu tangu utotoni, hata hivyo alisoma Al-Azhar, akapata shahada ya udaktari Cairo mwaka 1914 na nyingine Paris mwaka 1918, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu, akafuta ada za shule za sekondari ili mtoto wa maskini naye asome. Alifariki mwezi wa Oktoba 1973. Ni kweli pia kwamba kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya mashairi ya zama za Jahilia kiliwakasirisha maulamaa wengi, na mjadala ule haujesha hata leo. Lakini "Al-Ayyam" si kitabu cha mjadala. Ni habari za mtoto mdogo aliyeumia.

Namna alivyopofuka yatia uchungu. Alipatwa na ugonjwa wa macho, akaachwa siku kadhaa bila ya kutazamwa, kisha akaitwa kinyozi wa kijijini kumtibu. Dawa ya kinyozi ndiyo iliyomaliza macho yake. Dada yake mdogo, mtoto wa miaka 4 aliyekuwa akiichangamsha nyumba nzima, naye alishikwa na homa, akalia siku hata siku, wala hakuna aliyefikiri kumwita tabibu. Akafa karibu na Idi Kubwa, watu wakiwa katika matayarisho ya sikukuu. Kisha mwaka 1902 kipindupindu kikamchukua kaka yake, kijana wa miaka 18 aliyekuwa tayari kwenda kusomea utabibu.

Haya ni mambo makubwa, na mtu angetazamia kwamba ndiyo yatakayomliza msomaji. Lakini lililonishika mimi ni jambo dogo, la tonge moja tu la chakula.

Mtoto Taha alikuwa ameketi na ndugu zake wakila. Akawaza: itakuwaje nikilichukua tonge kwa mikono miwili badala ya mmoja? Akafanya hivyo. Ndugu zake wakaangua kicheko. Mama yake akalia. Baba yake, kwa sauti ya upole yenye huzuni, akamwambia kwamba sivyo tonge linavyochukuliwa. Yakesha. Lakini tangu siku ile mtoto yule akajiharimishia vyakula vyote vinavyoliwa kwa kijiko, mchuzi na wali pia, asije akamwaga akachekwa. Akaendelea hivyo mpaka utu uzima, umri wa miaka 25.

Hapo nikakiweka kitabu chini.

Nyumbani kwetu, msomaji, alikuwako mtoto wa mama yangu mdogo, tuliyelelewa naye mkeka mmoja. Surua ilimpofusha alipokuwa na umri wa kama miaka 4. Jioni moja ya Ramadhani tulikuwa tumezunguka sinia, tunafuturu. Yeye aliunyosha mkono kutafuta tambi, ukaingia ndani ya bakuli la uji wa moto. Alishtuka, akauvuta, uji ukamrukia kifuani. Sote tukacheka, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Mama alitukemea, akamfuta, akaenda zake jikoni. Sisi tukaendelea kula.

Baada ya siku ile hakula tena pamoja nasi. Alingoja mpaka tumalize, ndipo akapokea sahani yake, akakaa nyuma ya mlango, uso ukutani. Sisi tukampa jina, tukamwita mwana wa sultani, kwa kuwa eti hataki kuchanganya mkono wake na mikono yetu. Tulidhani ni kiburi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nasi hatukuona hata kidonda.

Na lililonitia aibu zaidi ni hili. Mwaka ule ule mimi nilikuwa nahifadhi Juzuu Amma, na ndani yake imo Surat Abasa, iliyoteremka kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Umm Maktum. Kila mtoto wa chuoni aijua sura ile. Asubuhi nilikuwa nikiisoma mbele ya mwalimu kwa sauti nzuri, na jioni nikimcheka kipofu wetu. Ulimi ulihifadhi, moyo haukuwa na habari.

Taha Hussein mwenyewe alilijua jambo hili. Alihifadhi Kurani nzima kabla ya kutimiza miaka 9, akaitwa shehe, akafurahiwa nyumbani. Kisha akaacha kudurusu, akasahau. Siku moja baba yake, mbele ya wageni, akamwambia asome Surat ash-Shuaraa. Mtoto akasema "Ta Sin Mim" akakwama. Akaambiwa asome an-Naml, kisha al-Qasas, akakwama mle mle. Baba hakumpiga, alimwambia tu ajiondokee, kwamba alidhani amehifadhi. Msomaji aliyepita chuoni pwani hii atakisoma kisa hiki akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka, maana fedheha ile twaijua.

Najua wako watakaouliza: je, yafaa mtu kuyatoa nje mambo ya nyumbani kwao? Sisi watu wa sitara tumelelewa kwamba ya ndani hubaki ndani. Hata mimi nilianza kusoma nikiwa na wasiwasi huo. Lakini tazama alivyofanya. Katika kusimulia utoto wake hasemi "mimi"; husema "yule mtoto" au "rafiki yetu". Baba yake na mama yake hakuwatukana. Aliyataja makosa yao, nao bado tunawaona ni wazee wenye huruma, waliozidiwa na ujinga wa zama zao. Baada ya kufa kaka yake, mtoto yule alikuwa akisali kila sala mara mbili, moja yake na moja ya marehemu, na akifunga miezi miwili kwa mwaka kwa niaba yao wote wawili, naye akiificha siri hiyo. Mtu mwenye chuki na nyumba yao hafanyi hivyo. Mwishoni mwa kitabu azungumza na binti yake wa miaka 9, amwambia kwamba alimficha taabu hizi kwa kuwa alichelea kuuvunja moyo wake mdogo.

Kwa hiyo naona sitara si kunyamaza tu. Kama asingesema, kinyozi angeendelea kutibu macho, na ndugu wangeendelea kucheka. Yako maumivu ambayo yakifichwa humsitiri aliyeumiza, si aliyeumia.

Mwezi uliofuata nilisafiri kwenda Lamu kumtazama ndugu yangu. Sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Baada ya sala ya Isha nilimweleza habari za Taha Hussein, nikafika pale penye tonge. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na mama yake alilia?"

Nikamjibu, "Alilia."

Akasema, "Mama mkubwa pia alilia siku ile. Nilimsikia jikoni. Nyinyi mlikuwa mwacheka, hamkumsikia."

Mimi miaka yote sikujua kwamba mama yangu alilia. Nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu." Akasema kwamba alikwisha kusamehe zamani, ila alikuwa akingoja mmoja wetu akumbuke. Kilipoletwa chakula nilikaa karibu naye, nikamwambia wali uko wapi, na mchuzi uko wapi, na kwamba bakuli ni la moto. Tukala sinia moja.

Msomaji ukikipata kitabu hiki, kisome. Na ukimaliza, fikiri katika nyumba uliyokulia alikuwa nani aliyekula peke yake, na kwa nini. Kama yu hai, mwendee.