Pampu ikizama mtoni: Kuopoa au kununua nyingine?

MVUA za vuli zikianza kunyesha Milima ya Uluguru, maji ya Mto Ruvu hubadilika rangi kabla hayajapanda. Huku bondeni bado ni kukavu, nyanya zinahitaji maji kila siku, na mkulima haoni sababu ya kuhamisha pampu yake. Ameiweka karibu kabisa na maji ili mpira wa kunyonyea usiwe mrefu. Usiku mto unapanda, ukingo unameguka, na asubuhi anakuta udongo mbichi uliokatika na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Pampu haipo.

Wanaolima bustani kandokando ya mito wanaijua hasara hii. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua kwa sura nyingine: mashine ya mtumbwi iliyofungwa vibaya inachomoka kwenye ubao wa nyuma siku ya mawimbi, na mwenye chombo anarudi kwa kasia. Kwa wote wawili swali ni lile lile. Je, chombo kitafutwe, au fedha itafutwe ya kununua kingine?

Wengi huanza kwa kumtafuta kijana anayejua kupiga mbizi. Hilo lingepaswa kuwa la mwisho. Katika maji yenye tope mpiga mbizi haoni hata kiganja chake, na chini huko kuna mizizi, nyavu zilizotupwa na matope yanayoshika mguu. Ruvu, Rufiji na Kilombero zina mamba na viboko. Maji yaliyotulia pembezoni mwa Ziwa Victoria yana kichocho, ambacho hakimwui mtu siku hiyo lakini kinamla polepole. Hakuna pampu yenye thamani ya mtu.

La kwanza ni alama. Kitu kizito cha chuma hakisafiri mbali. Sufuria au kipande cha bati huenda na mkondo, lakini pampu ya kilo 20 na zaidi huenda chini karibu pale pale ilipoangukia, kisha maji huchimba mchanga unaoizunguka nayo ikazidi kudidimia. Kwa hiyo kilicho muhimu ni kujua ilipoangukia, na hilo husahaulika haraka kuliko watu wanavyodhani, hasa mto unapobadilisha sura ya ukingo. Mkulima achome mti ardhini papo hapo, juu ya ukingo mgumu, na apime kwa hatua kutoka kwenye mti mwingine usioweza kuondoka.

Ziwani hakuna pa kuchoma mti. Wavuvi hutumia njia ya zamani: mtu hutazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, tuseme mnara wa simu na mwembe ulio mbele yake, kisha hutafuta viwili vingine upande mwingine. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo mashine ilipo. Aliye na simu yenye ramani anaweza kuhifadhi mahali hapo, ingawa simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ndani ya tope ni nyingi. Zaidi ya hayo, adondoshe jiwe lililofungwa kamba, na juu yake dumu tupu lielee.

Halafu maji yenyewe yapimwe. Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, aliyekuwa pia mtaalamu wa nyota, alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba ili aone inapotea kwa kina gani. Wapimaji wa maziwa wanatumia kifaa cha namna hiyo mpaka leo, na sahani ya nyumbani yafaa vile vile. Ikipotea kabla haijafika urefu wa mkono, macho hayatasaidia lolote. Kazi yote itakuwa ya kupapasa kwa chuma.

Chuma cha kupapasia ni nondo nyembamba ndefu. Mtu aliye ndani ya mtumbwi au juu ya ukingo huichoma chini taratibu, kila nusu mita, akifuata kamba iliyofungwa kati ya vigingi viwili. Mkono hujifunza haraka: mti hupokea nondo kwa ulaini, jiwe hugonga kwa ukali lakini bila mlio, chuma hulia. Bila kamba hiyo, watu huchoma pale pale mara 20 na kuruka pengine kabisa, kisha huapa kwamba pampu imechukuliwa na maji au na jirani.

Ikishapatikana huopolewa kwa ndoano. Wanaotumia visima wana kiopoo, ile ndoano ya kutolea ndoo iliyokatika kamba. Kwa pampu inatakiwa kiopoo kikubwa zaidi, nanga ndogo yenye makucha manne ambayo fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa vipande vya nondo kwa saa moja. Avutaye asimame upande mto unakotoka, avute kuupanda mkondo, ili tope linaloamka liende nyuma yake. Nanga ikishika, wasimame watu wengine pembeni, si nyuma ya kamba, kwa sababu kamba ya nailoni ikikatika hurudi kama mjeledi.

Siku hizi sumaku za kuvulia vyuma zinauzwa madukani na mitandaoni, zikiwa na maandishi ya kujisifu kwamba zinabeba mamia ya kilo. Zipo zenye nguvu kweli, lakini uzito huo hupimwa kwenye bamba nene la chuma safi, likivutwa moja kwa moja. Kwenye chuma chenye kutu, rangi na matope, uzito huo hupungua sana. Tena sumaku haishiki aluminiamu, wala shaba, wala aina nyingi za chuma kisichoshika kutu. Mwili wa pampu nyingi ndogo na wa mashine za mitumbwi ni aluminiamu. Sumaku itashika fremu ya pampu, kama ni ya chuma, na ni nzuri kwa panga, jembe la kukokotwa na ng'ombe, mnyororo au spana. Anayetafuta mashine ya mtumbwi kwa sumaku anapoteza siku.

Kushika si kutoa. Tope hunyonya. Watu wanne wakivuta kwa kishindo hukata kamba au hung'oa mpini, pampu ikabaki. Ni afadhali kuvuta kidogo kwa pembeni, kulegeza, kuvuta upande mwingine, mpaka maji yapenye chini yake. Kama kuna pampu ya kukodi karibu, mpira wake wa kutolea maji ukielekezwa penye tope utalichimba ndani ya dakika chache kazi ambayo mikono ingeifanya kutwa. Baada ya hapo hata jozi moja ya ng'ombe inatosha kumalizia, mradi waongozwe polepole.

Kina kirefu ni habari nyingine. Septemba 29, 2019 gari dogo liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, Mombasa, likazama na mama na mtoto wake. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58. Watu walioliona likianguka walikuwa wengi, wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji walikuwapo, na bado zilipita siku 12. Mwenye mashine iliyozama ziwani mbali na ufuko, penye kina kinachozidi kamba yake, aikumbuke Likoni kabla ya kukodi mtumbwi wa pili.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na hesabu hii wengi huikosea. Tuchukue mfano. Pampu ya petroli ya inchi mbili ilinunuliwa kwa Sh450,000 misimu miwili iliyopita. Ikiwa kavu na nzima, leo ingeuzwa Sh300,000. Basi kinachotafutwa majini ni Sh300,000, si Sh450,000. Fundi wa kuisafisha atachukua, tuseme, Sh60,000, kwa hiyo atakayeipata atakuwa ameokoa Sh240,000. Vijana wawili kwa Sh15,000 kila mmoja na mtumbwi kwa Sh10,000, siku moja ya kutafuta ni Sh40,000. Hiyo ni moja ya sita ya Sh240,000.

Kila asubuhi, basi, mwenye pampu ajiulize swali moja: nafasi ya kuipata leo inafika moja kati ya sita? Siku ya kwanza, alama zikiwapo, jibu ni ndiyo bila shaka. Siku ya nne, eneo lote likiwa limechomwa nondo mara mbili, jibu huwa hapana, hata kama zimeshatumika Sh120,000. Wengi huendelea kwa sababu ya hizo Sh120,000. Lakini hizo zimekwisha kwenda, ipatikane au isipatikane. Zinazohesabika ni Sh40,000 za leo. Tena thamani ya kilicho chini ya maji hupungua kila siku. Kama baada ya siku tatu matengenezo yamefika Sh120,000, kilichobaki cha kuokoa ni Sh180,000, na nafasi inayotakiwa imepanda na kuzidi moja kati ya tano.

Wakati hayo yakiendelea, shamba halisubiri. Nyanya zilizo kwenye maua zikikosa maji siku kadhaa hupukutisha maua, na zile zenye matunda zikipata maji leo na kukosa kesho huoza kitako. Hasara hiyo yaweza kuizidi bei ya pampu. Kwa hiyo pampu ya kukodi ni ya kutafutwa siku ile ile, kabla hata ya nondo, na gharama yake isichanganywe na ya kuopoa: italipwa vyovyote vile.

Ikitoka majini, furaha ndiyo inayoiua. Mtu huifuta, hushika kamba ya kuwashia na kuvuta kwa nguvu. Maji hayabanwi kama hewa; pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, mkono wake hupinda, na tope lililoingia hukwaruza kuta. Wala isiachwe juani ikauke ikimsubiri fundi, maana hewa ikikutana na chuma kibichi, kutu huanza ndani ya saa chache. Kama fundi yuko mbali, izamishwe tena ndani ya pipa la maji safi yasiyo na chumvi mpaka afike. Wengi huona ni kichekesho kuirudisha majini, lakini ndani ya maji hewa ni kidogo na kutu huenda polepole.

Fundi akifika, huoshwa kwa maji safi mengi. Petroli yote humwagwa, kwenye tanki na kwenye kabureta, na oili pia, mbali na mto na kisima. Plagi hufunguliwa, kisha mashine huzungushwa polepole kwa mkono ili maji yatoke kwa tundu la plagi. Ikigoma kuzunguka, isilazimishwe; ifunguliwe. Ikizunguka, hutiwa oili kidogo kwenye silinda, huwekwa oili mpya, huwashwa kwa muda mfupi, na oili hiyo humwagwa tena. Ikitoka nyeupe kama maziwa, bado kuna maji, na kazi hurudiwa. Mashine iliyozama ikiwa imezimwa ina matumaini kuliko iliyozama ikinguruma.

Kwa wenye visima kuna mawili ya kuongeza. Pampu ya umeme ikianguka, umeme ukatwe kwenye swichi kuu kabla mtu hajagusa maji. Na asishuke mtu kisimani ambamo injini ya petroli imekuwa ikinguruma, hata kama imezimwa: moshi wake hauonekani wote, hukaa chini, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza huanguka juu yake. Kiopoo hufanya kazi hiyo kutoka juu.

Isipopatikana, kiangazi kijacho maji yatashuka na huenda fremu ikachungulia mchangani. Injini haitakuwa na kazi tena, lakini aluminiamu yake hununuliwa kwa kilo na wanunuzi wa chuma chakavu, na pampu nyingine ya aina ile ile inaweza kufaidi mfuniko, tanki au gurudumu la kuwashia.

Inayonunuliwa badala yake ifungwe mnyororo tangu siku ya kwanza, kwenye mti ulio nyuma ya ufa wowote wa ukingo, si kwenye kigingi kilichochomwa ukingoni. Mashine ya mtumbwi ifungwe kamba kwenye mbao za chombo chenyewe, si kwenye ule ubao inaoning'inia. Na zote mbili zifungwe kamba nyembamba ya pili, ndefu kuliko kina cha maji ya hapo, yenye dumu la lita tano mwishoni. Dumu hilo haliwezi kuinua pampu. Litaelea tu juu ya maji ya tope, mahali pampu ilipo.