Sallent: mji wa maji na chumvi katika Katalonia

Msomaji anayekutana kwa mara ya kwanza na jina la Sallent, mji mdogo wa viwanda katika Katalonia, kaskazini-mashariki ya Hispania, huelekea kudhani kwamba jina hilo limetokana na chumvi. Kwa Kikatalani chumvi huitwa sal, na juu ya mji huo umesimama mlima mzima wa chumvi nyeupe unaoonekana kutoka mbali. Dhana hiyo si sahihi. Neno sallent lina maana ya maporomoko ya maji, nalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka. Mji uliitwa hivyo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kujua kilichofichika chini ya ardhi yake. Hata hivyo kosa hilo la msomaji lina faida, kwa sababu linamfikisha mara moja kwenye kiini cha jambo: maji ndiyo yaliyoupa mji huo kazi, na chumvi iliyofuata iliutajirisha, kisha ikayaharibu maji yale yale.

Sallent umejengwa kandokando ya mto Llobregat, katika wilaya ya Bages, mwendo mfupi kaskazini ya Manresa. Wakazi wake leo hawafiki 8,000. Kufuma nguo ilikuwa kazi ya nyumbani tangu zamani, kwanza kwa sufu, halafu kwa pamba. Viwanda vikubwa vilipozaliwa katika karne ya 19, Katalonia ilikabiliwa na shida moja: makaa ya mawe yake yalikuwa machache na duni, na yale ya kutoka Uingereza yalikuwa ghali. Kwa hiyo wenye viwanda waliiacha pwani wakapanda juu kufuata mito. Walijenga vizuizi, wakachimba mifereji, wakayaachia maji kazi ya kuzungusha mashini. Katika sehemu ya juu ya Llobregat viwanda vilifuatana kwa karibu sana, kila kimoja kikichukua maji, kikiyatumia, na kuyarudisha mtoni ili jirani wa chini naye ayapate.

Vingi kati ya viwanda hivyo vilizungukwa na makazi yaliyoitwa koloni. Neno hilo lisichukuliwe kwa maana inayojulikana Afrika. Koloni ya Kikatalani ni kijiji cha kiwanda: nyumba za wafanyakazi, kanisa, duka, shule, na jumba la bwana, vyote mali ya mwenye kiwanda. Aliyefukuzwa kazi alipoteza na nyumba. Wasomaji waliokulia katika kambi za kampuni za madini hawahitaji maelezo zaidi. Lakini Sallent wenyewe haukuwa koloni. Ulikuwa mji wenye soko lake, mafundi wake na vyama vyake vya wafanyakazi, na tofauti hiyo inaeleza mengi katika tabia ya watu wake.

Wawili kati ya wana wa mji huo wanastahili kutajwa kwa ajili ya habari za lugha. Fèlix Torres Amat, aliyezaliwa mwaka 1772, alikuwa askofu wa Astorga na mfasiri wa Biblia kwa Kihispania. Mwaka 1836 alitoa kamusi ya waandishi wa Kikatalani, kazi ambayo wanahistoria wa fasihi huitegemea hata leo. Lakini aliiandika kwa Kihispania, maana ndiyo iliyokuwa lugha ya elimu. Antoni Maria Claret, aliyezaliwa mwaka 1807, alikuwa mtoto wa mfumaji. Alijifunza kazi karakanani mwa baba yake, akaenda Barcelona kujiendeleza katika ufundi huo, kisha akauacha akawa padri. Mwaka 1843 alichapisha kitabu cha sala kwa Kikatalani, kwa sababu watu wa kawaida aliowahubiria hawakuwa na lugha nyingine. Baadaye alianzisha shirika la wamisionari, akawa askofu mkuu wa Santiago de Cuba, na mwaka 1950 akatangazwa mtakatifu. Mwanachuoni aliwahifadhi waandishi wa Kikatalani katika lugha ya wengine. Mtoto wa mfumaji aliitumia lugha yenyewe.

Chumvi iliingia katika historia hii mwaka 1912, potasi ilipogunduliwa huko Súria, si mbali na Sallent. Takriban miaka milioni 37 iliyopita bahari iliyofunika eneo hilo ilikauka, ikaacha matabaka mazito ya chumvi za aina mbalimbali. Potasi ni mbolea yenye thamani, lakini haipatikani peke yake: mwamba husagwa, potasi hutengwa, na chumvi ya kawaida inayobaki ni nyingi kuliko potasi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Sallent nao ulikuwa na mgodi wake, na wachimbaji, wengi wao kutoka Murcia na Andalusia, wakaungana na wafumaji.

Mwezi wa Januari 1932 wachimba makaa wa Fígols, juu zaidi katika bonde, waliasi wakatangaza ukomunisti huria. Uasi ulienea mji hadi mji, na Sallent ulikuwa miongoni mwa iliyouunga mkono. Kwa siku chache wafanyakazi walishika madaraka. Kisha jeshi la Jamhuri likafika, likamaliza mambo. Zaidi ya watu 100 walipakiwa katika meli iitwayo Buenos Aires na kupelekwa uhamishoni katika makoloni ya Hispania barani Afrika. Wengine wameliona tukio hilo kuwa ndoto ya kitoto. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani waasi hao walikuwa watu ambao kwa miaka mingi kazi, nyumba na hata dawa zao vilikuwa mikononi mwa bwana mmoja.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1939, serikali ya Franco ilikiondoa Kikatalani shuleni na katika ofisi. Mgeni aliyefika kutoka kusini kuchimba potasi alikutana na lugha iliyosemwa sokoni na nyumbani lakini isiyoonekana kwenye kibao chochote cha serikali. Ni watoto na wajukuu wa wachimbaji hao, waliosoma shule baada ya sheria ya lugha ya mwaka 1983, ambao Kikatalani kimekuwa mali yao.

Mgodi wa Sallent ulifungwa mwaka 1974, maji yakaujaza. Kazi iliendelea katika mgodi wa jirani, Vilafruns, na mabaki ya chumvi yakarundikwa juu ya kilima cha Cogulló, hadi yakafikia makumi ya mamilioni ya tani. Mvua ikinyesha, chumvi huyeyuka. Mto Llobregat ndio mmojawapo wa vyanzo vikuu vya maji ya Barcelona, hata katika miaka ya 1980 likajengwa bomba refu la kupeleka maji ya chumvi baharini. Mwaka 2009 kiwanda cha kusafisha maji huko Abrera kiliwekewa mitambo ya pekee ya kupunguza chumvi. Gharama yake haikulipwa kwa bei ya potasi.

Wakazi wa mtaa wa Stesheni walilipa kwa namna nyingine. Mtaa huo ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, karibu na mgodi, na chini yake palikuwa na shimo kubwa la asili ambalo wachimbaji walikwisha kuligundua katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1990 nyumba zilianza kupasuka. Mwishoni mwa mwaka 2008 ardhi ilizama kwa kasi zaidi, watu wakahamishwa, na baadaye nyumba zikabomolewa.

Hata hivyo haikuwa rahisi kuupata umoja dhidi ya mlima wa Cogulló. Familia moja iliweza kuwa na baba mgodini na shangazi aliyepoteza nyumba. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya Katalonia ilibatilisha kibali cha mazingira cha kampuni, na hukumu nyingine zilifuata. Vilafruns ulifungwa mwaka 2020, uchimbaji wote ukahamia Súria. Mlima bado upo. Kuuondoa ni kazi ya miongo mingi: chumvi ichotwe kidogo kidogo, iteremshwe kando ya mto, ipelekwe baharini ilikotoka.