Ujiji Haifikiwi Mara Mbili

Kwetu ni Tabora, kwa hiyo mhadhiri aliposema kila mtu aandike programu ya C inayosoma faili, sikuhangaika kutafuta data. Niliweka vituo vinne vya njia ya zamani ya misafara, kila kimoja kwenye mstari wake: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji. Nikaandika kitanzi cha `while (!feof(fp))`, ndani yake `fgets` na `printf`. Nikajiona nimeiva.

Siku ya kuonyesha kazi, vikatoka vituo vitano. Ujiji mara mbili! Mhadhiri akauliza, "Ukishafika ziwani, unafika tena?" Darasa likacheka, mimi nikapoteza alama.

Kosa hili tunalifanya wengi. `feof` haitabiri kitu. Inakwambia tu kama usomaji uliopita uligonga mwisho wa faili. Programu yangu ilipomaliza mstari wa Ujiji ilikuwa bado haijaugonga. Kitanzi kikazunguka tena, `fgets` ikakosa cha kusoma na kurudisha `NULL`, halafu Ujiji ile ile iliyobaki kwenye bafa ikachapwa upya.

Dawa ni kuiacha `fgets` yenyewe iamue:

```
char jina[50];
while (fgets(jina, sizeof jina, fp) != NULL)
    printf("%s", jina);
```

Kitanzi kikiisha, ndipo uulize kimeishaje. Misafara ikifika Tabora njia iligawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. `NULL` nayo ina njia mbili. `feof(fp)` isipokuwa sifuri, umefika mwisho salama. `ferror(fp)` isipokuwa sifuri, usomaji umekatikia njiani, labda mtu kachomoa flashi. Usipouliza, orodha iliyoishia Mpwapwa utaikabidhi ukidhani imekamilika, na hakuna atakayecheka, maana hakuna atakayejua.

Alama hizo mbili zikishawaka, `clearerr(fp)` inazizima zote. Ila haikurudishi mwanzo wa faili, wala haiponyi flashi mbovu. Ukitaka kuanza tena Bagamoyo, tumia `rewind(fp)`: inakurudisha mwanzo na alama inazizima yenyewe.

Nimeirudia kazi yangu. Vituo ni vinne, Ujiji mara moja. Wewe ukikutana na `while (!feof(fp))` kwenye kodi uliyoazima kwa rafiki, irekebishe kabla hujaikabidhi.