Kichaka cha Baridi Hakitazaa Mbagala, Mpera Utazaa

Blakikaranti ni tunda dogo jeusi ambalo wengi wetu tunalijua kwa ladha ya juisi tu. Huko Ulaya wakulima huchagua aina yake kwa makini. Ben Lomond, iliyotolewa Scotland mwaka 1975, ilipendwa kwa sababu huchelewa kuchanua, hivyo maua yake hukwepa jalidi ya mwisho wa majira ya baridi.

Kwa mkazi wa Bunju au Chamazi anayetaka kupanda blakikaranti uani, tatizo ni kwamba mmea huu hauvumilii baridi tu, unaihitaji. Siku zinapokuwa fupi, macho yake hulala. Hayaamki kwa kumwagiliwa wala kwa samadi. Lazima yapitiwe na majuma mengi ya baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, na aina nyingi huhitaji zaidi ya saa elfu moja za namna hiyo. Dar es Salaam, hata usiku wa kipupwe mwezi Julai, joto kwa kawaida hubaki kwenye nyuzi 18 au zaidi. Mche ukiota, utatoa majani machache, maua kidogo au yasiwepo kabisa. Ndiyo maana matufaha nayo hulimwa Lushoto na Njombe, si Kigamboni. Huko Scotland kwenyewe majira ya baridi yamepungua makali, na watafiti wa James Hutton Institute wanatafuta aina zinazoridhika na baridi kidogo.

Hasara yetu, hata hivyo, ni ndogo kuliko tunavyodhani. Sifa kubwa ya blakikaranti kiafya ni vitamini C, takribani miligramu 180 katika gramu 100. Chungwa lina kama 50. Pera lina zaidi ya 200! Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, kwa hiyo pera moja la wastani, likiliwa bichi, linatosha na kubaki. Ile rangi nyeusi pia tunayo: choya ina rangi asilia za kundi lile lile, na zambarau vilevile.

Mpera hustahimili mchanga wa Toangoma na Mbagala ukipewa mboji na maji mwanzoni, na mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Adui wake mkubwa ni nzi wa matunda, hasa yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea kote Afrika Mashariki. Funika matunda kwa mifuko ya karatasi yangali machanga, na yaliyoanguka yafukie chini kabisa au yafunge kwenye mfuko wa plastiki juani.

Ukienda kununua mche wowote, usiridhike na picha ya tunda iliyobandikwa kitaluni. Uliza jina la aina, kisha uliza mti mama unazaa wapi. Muuzaji akishindwa kukutajia mahali penye joto kama la Dar, okoa pesa yako.